Kibali cha kutiririsha majitaka: anzia mtoni, usianzie ofisini

Kahawa ya mlima Kilimanjaro huiva wakati mto umekonda. Masika yanakatika Mei, mashine ya kumenya inawashwa kama Julai, na kuanzia hapo hadi vuli ishuke, maji machafu yanazidi huku maji ya kuyabeba yakipungua. Ukishalielewa hilo, hutashangaa kwa nini Bodi ya Maji Bonde la Pangani inauliza maswali mengi kabla ya kutoa kibali. Maji yanayotoka kwetu Uru, kwenye miteremko ya mlima, kwa Mto Rau hayaishi kwenye kona ya barabara pale yanapopotea machoni. Yanaingia mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, yanapita Kahe, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kukutana na bahari. Huko kote kuna mtu ameinama na ndoo.

Nimeshika kalamu ya ukatibu wa ushirika wa msingi kwa misimu kadhaa, na ombi letu la kwanza lilirudishwa. Halikurudishwa kwa uonevu. Tulianza kwa kujaza fomu, ilhali fomu inauliza mambo ambayo majibu yake yako mtoni. Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa ni ule ambao ningeufuata kama ningeanza upya. Mifano mingi ni ya kahawa kwa sababu ndiyo ninayoijua. Mwenye machinjio, sehemu ya kuoshea magari au hoteli ndogo atafuata njia ileile. Kinachobadilika ni uchafu wenyewe.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanaishia wapi

Majitaka yana njia tatu za kutokea, na kila njia ina mlango wake wa kubisha hodi.

Yakiingia kwenye bomba la majitaka la mjini, ruhusa unaiomba kwa mamlaka ya maji: MUWSA kwa Moshi, AUWSA kwa Arusha. Wao wana mabwawa ya kusafishia (ya Moshi yako Mabogini) na wao ndio wenye mzigo wa kujibu kuhusu kinachotoka mwisho wa bomba. Hiyo si ruhusa ya kumimina kila kitu. Mafuta ya gereji na kemikali za viwanda vya ngozi huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya mabwawa hayo, na vikifa, mji mzima unasikia harufu.

Yakienda mtoni, kwenye mfongo (mfereji wa asili wa Kichaga), korongoni, au yakizamishwa ardhini kupitia shimo, hapo ni Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Wengi hudhani kuzamisha ardhini ni kukwepa. Mlima wetu unavuja: mvua inayonyesha juu msituni hupenya kwenye miamba ya volkano na kuchomoza kama chemchemi huku chini. Unachokizika Kibosho kinaweza kuibukia kwenye kisima cha mtu.

Njia ya tatu ni shimo la choo la nyumba ya kawaida linalonyonywa na gari, na hiyo haihitaji mwongozo huu.

Angalia pia uko bonde gani. Tanzania ina mabonde 9 ya maji. Moshi yote, na jiji la Arusha pamoja na Themi na Nduruma, ni Bonde la Pangani, na ofisi kuu ya bodi iko hapahapa Moshi. Ukiwa Monduli upande unaoteremkia Ziwa Manyara, au Karatu, wewe ni wa Bonde la Kati, na fomu ukiileta Moshi utakuwa umepoteza nauli.

Hatua ya 2: Tembea mto, na futi mkononi

Siku moja kamili. Vaa mabuti, chukua simu yenye ramani, daftari, kamba iliyofungwa fundo kila mita 10, na mzee mmoja anayejua majina ya vijito. Huyo mzee usimwache. Ramani ya simu haioneshi chemchemi iliyofunikwa na magugu, wala haijui kwamba mfongo unaouona umekauka hufunguliwa kila Jumanne kwa zamu.

Anzieni kama nusu kilomita juu ya kiwanda, mteremke hadi kilomita moja au mbili chini yake. Andika kila sehemu watu wanapochota maji ya kunywa, wanapofulia, mifugo inaponyweshwa, banio (kizuizi kinachochepusha maji kuingia mfongoni) lilipo, na chemchemi zote. Andika na miti. Kwa nini miti? Kwa sababu mkuyu, msesewe na mringaringa wa asili ukiuona umesimama ukingoni, umeona mahali maji yaliko karibu. Msesewe ndio ule ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na unapenda miguu yake iwe majini. Ukikata mti huo ili upate nafasi ya bwawa la majitaka, umeondoa kichujio cha bure na kuleta cha kununua.

Sasa kile kilichotuangusha. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sisi tulipima kwa hatua. Mwenyekiti wetu ni mrefu, akahesabu hatua 60, tukapiga makofi, tukachimba bwawa. Wakaguzi walipokuja na futi, bwawa lilikuwa mita 47 kutoka ukingoni. Tulilifukia sisi wenyewe, kwa majembe yaleyale, na hela ya wanachama ilikuwa imeshalala humo ndani.

Basi pima kwa kamba au futi, ukiwa umeinyoosha sawa bila kufuata mteremko, na uanzie pale mto unapofika ukijaa wakati wa masika. Usianzie unapolala Septemba. Alama za mafuriko zinaonekana: majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, tope kwenye magome. Weka alama ya mita 60 pande mbili za eneo lako na uzipige picha zikiwa na futi inayosomeka.

Kama maji yenu yanatoka kwenye banio lililo ndani ya msitu wa juu, kuna jambo la ziada. Msitu wa hifadhi ya Kilimanjaro uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kwa hiyo hata kwenda kusafisha mfongo huko ndani ni suala la kuzungumza na KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hiyo, kwanza. Kwenye ukanda wa nusu maili, uliotengwa tangu 1941 ili wenyeji wapate kuni na mbao bila kugusa msitu mkubwa, usimamizi umebadilisha mikono mara nyingi. Uliza kijijini na halmashauri nani anaushika sasa kabla hamjapanda na mapanga.

Hatua ya 3: Pima maji kabla ya kupima uchafu

Hapa ndipo ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na ndipo karibu kila mtu hupita mbio.

Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Weka ndoo chini ya bomba linaloingiza maji kwenye mashine, hesabu sekunde hadi ijae. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kwetu ndoo ilijaa kwa sekunde 10, yaani lita 2 kwa sekunde, lita 7,200 kwa saa. Mashine ilikuwa ikifanya kazi saa 6 siku za kahawa nyingi. Zidisha: lita 43,200. Siku hiyo tulikuwa tumemenya kilo 5,000 za kahawa mbivu. Karibu lita 9 kwa kila kilo, na nusu ya maji hayo yalikuwa yakitiririka tu huku mtu wa mashine akipiga soga.

Tulifanya mambo manne. Tulifunga koki ya kufungua na kufunga kwa mkono pale mashine ilipo, kwa sababu ya zamani ilikuwa hatua hamsini mbali na hakuna aliyekuwa tayari kuifuata. Tulianza kurudisha maji ya kumenyea kwenye tangi la juu kwa pampu ndogo, yazunguke siku hiyohiyo, yasilale, maana yakilala yanachacha na kuiharibia kahawa ladha. Maganda tukaacha kuyasukuma kwa maji. Tunayabeba kwa toroli. Na maji ya kuoshea mwisho, ambayo ni masafi kuliko mengine, tukayafanya ndiyo ya kumenyea kundi linalofuata. Tulishuka hadi kama lita 15,000 kwa siku, lita 3 kwa kilo.

Faida yake hutaiona kwenye bili, kwa kuwa mfongo hauna bili. Utaiona kwenye jembe: bwawa la lita 15,000 kwa siku ni theluthi tu ya bwawa la lita 43,000.

Kuna ujanja mmoja unaozunguka kwenye vijiwe vya kahawa, na ninauandika hapa ili uufahamu ubaya wake. Eti uchafu ukizidi kipimo, fungulia maji safi yachanganyike, kipimo kitashuka. Kweli kitashuka. Lakini fanya hesabu. Maji yenye uchafu wa miligramu 300 kwa lita, lita 10,000, yamebeba kilo 3 za uchafu. Yazimue hadi miligramu 30 kwa lita, yatakuwa lita 100,000, na bado yamebeba kilo 3 zilezile. Mto umepata mzigo uleule, na wewe umemnyang'anya jirani lita 90,000 za maji safi mwezi wa Agosti. Fomu inauliza kiasi na ubora kwa pamoja, kwa hiyo mkaguzi anaiona hesabu hiyo kabla hajamaliza chai.

Hatua ya 4: Mabwawa, chokaa na maganda

Maji ya kahawa yanaonekana kama hayana ubaya. Hayana sumu ya kutisha, ni sukari na ulenda tu. Ubaya ni kwamba vijidudu vya mtoni vinaifurahia sukari hiyo, vinazaliana, na katika kuila vinamaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. Maji yanageuka meusi na kunuka mayai viza. Kipimo cha njaa hiyo ya oksijeni ndicho maabara huandika BOD. Kwa kanuni za ubora wa maji za 2007, maji unayoyaachia yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, na ile COD, ambayo ni ndugu yake anayepimwa kwa kemikali, isizidi 60. Chembe zinazoelea zisizidi 100. pH, yaani kipimo cha ukali wa maji (ikishuka, ukali unazidi), iwe kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya kahawa yakitoka kwenye mashine BOD yake ni maelfu, na pH hukaribia 4, ukali wa mtindi uliochacha.

Kwa lita 15,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 15, bwawa la kukaa siku 5 linataka mita za ujazo 75. Mita 10 kwa 5 kwa kina cha mita moja na nusu linatosha. Usichimbe moja, chimba matatu yanayofuatana, la kwanza likiwa na kina zaidi. La kwanza linatuliza tope na kuanza kuoza bila hewa, la pili linaendelea, la tatu ni jepesi, lenye jua, na unaweza kupanda matete au mafunjo ukingoni. Udongo wetu ni mwepesi wa kuvuja, kwa hiyo sakafu ishindiliwe kwa udongo wa mfinyanzi au itandikwe nailoni nzito ya mabwawa. Zungushia ua. Watoto hawajui tofauti ya bwawa na bwawa.

Chokaa kabla ya bwawa la kwanza, kwa sababu vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi kwenye ukali wa pH 4. Usikisie. Chota ndoo ya lita 20 ya maji hayo, pima chokaa kwa mizani ya dukani, ongeza kidogokidogo ukikoroga na kuchovya karatasi ya pH hadi ifike 6.5 au 7. Kama ndoo imetaka gramu 30, basi lita 15,000 ni ndoo 750, na chokaa ni kilo 22 na nusu kwa siku. Andika hiyo bajeti mapema, maana wanachama wataishangaa. Anayemwaga avae glavu na miwani; chokaa ikiingia jichoni si ya kupuliza na kusema pole, ni kuosha kwa maji mengi na kukimbilia zahanati.

Maganda ni karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu, kwa hiyo zile kilo 5,000 zinakuachia tani 2 za maganda kila siku. Lundo la maganda likinyeshewa linatoa juisi yenye ukali kuliko maji yenyewe. Lifunike, lichanganye na samadi, ligeuze kila wiki mbili tatu, na baada ya miezi mitatu au minne akina mama watalipigania kwa ajili ya migomba ya kihambani. Kwetu sasa tunaandika zamu.

Kwa wasio wa kahawa, kwa ufupi. Kuosha magari kunahitaji sakafu ya zege isiyoruhusu maji kuzama, kisha mtego wa mafuta wa vyumba vitatu ambako mafuta hubaki juu na maji hupita chini. Mafuta yaliyokusanywa hayamwagwi shimoni, yanawekwa kwenye pipa na kuchukuliwa. Pale mjini Arusha, ambapo Themi na Naura zinapita katikati ya watu, kuosha gari ukingoni kwa ndoo bado ni kutiririsha majitaka hata kama huna bomba. Machinjio: damu ikusanywe peke yake, kabla haijagusa maji. Damu ni chakula kizito mno kwa vijidudu kuliko hata ulenda wa kahawa.

Hatua ya 5: Sampuli

Chupa upewe na maabara yenyewe. Msimu ule wa kwanza tulipeleka maji kwenye chupa ya soda ya machungwa iliyooshwa mara moja. Mtaalamu akafungua kifuniko, akanusa, akaniangalia, akakifunga tena. Sukari iliyobaki kwenye kifuniko inatosha kukupa BOD ya uongo.

Chukua sampuli tatu: mtoni juu ya kiwanda, pale maji yanapotoka bwawa la mwisho, na mtoni chini ya mahali yanapoingia, baada ya kuchanganyika vizuri. Ile ya juu ndiyo wakili wako. Kama mto unakuja tayari mchafu, utaonekana hukuuchafua wewe. Anza na mtoni, malizia na bwawa, usije ukahamisha uchafu kwa mikono. Jaza chupa ya BOD hadi juu bila kuacha mapovu. pH na joto vipimwe palepale, kwa kuwa vinabadilika njiani. Weka chupa kwenye boksi la barafu, zifike maabara siku hiyohiyo, na zisizidi saa 24.

Piga simu kwanza uulize siku za kupokea. Kipimo cha BOD huchukua siku 5 kamili kwenye kabati la nyuzi 20, kwa hiyo kilichoanzishwa Jumanne kinasomwa Jumapili, na Jumapili watu wako ibadani. Sisi tunapeleka Jumatano au Alhamisi.

Na sampuli ichukuliwe siku ya kazi nyingi. Ukipima siku mashine imelala utapata cheti kizuri, halafu utafungwa na masharti yaliyoandikwa kwa cheti hicho.

Hatua ya 6: Makaratasi

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya, na kuvichanganya ndiko kunakozalisha zile safari za "njoo kesho".

Cheti cha mazingira hutolewa kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Mradi unasajiliwa, unapangwa kwenye kundi, na kundi ndilo linaloamua kama utahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira kamili au maelezo mafupi. Usijipangie kundi mwenyewe kwa kusikia kwamba jirani alipewa dogo. Kama kiwanda kilianza zamani bila tathmini, njia yake ni ukaguzi wa mazingira. Kazi hizi hufanywa na wataalamu waliosajiliwa. Kabla ya kumlipa mtu, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya NEMC. Vijana wenye kompyuta mpakato na ripoti ya kiwanda cha samaki Mwanza waliyoibadilisha jina wapo wengi. Ripoti ya mmoja wao ilitaja "wavuvi wa eneo la mradi". Uru!

Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Bonde. Mfongo wa wazee una heshima yake na haki za kimila za maji zinatambuliwa na sheria, lakini kuchota maji ya mfongo kwa ajili ya mashine ya biashara ni matumizi mapya, yaombewe.

Kibali cha kutiririsha majitaka pia kinatoka Bodi, lakini ni fomu nyingine. Cheti cha NEMC hakigeuki kuwa kibali hiki, wala kinyume chake.

Kwa kibali cha kutiririsha, andaa ramani ya ile safari ya mtoni, vipimo vya maji kwa siku na kwa msimu, majibu ya maabara, mchoro wa mabwawa wenye vipimo, hati au uthibitisho wa umiliki wa eneo, cheti cha mazingira, na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Huo muhtasari usiuandike jikoni. Itisheni mkutano, mtendaji awepo, kamati ya mazingira ya kijiji iwepo, jumuiya ya watumia maji ya mto wenu iwepo, na watu wa chini ya mto waalikwe hata kama ni kata nyingine. Bodi itawauliza hata usipowauliza wewe, na mtu aliyeshtukizwa na tangazo hupinga kwa hasira kuliko aliyeitwa akapewa chai. Kwetu mama mmoja wa chini alisimama akasema hana tatizo na kahawa, tatizo ni kwamba tunafungulia maji saa kumi na mbili asubuhi, saa ileile anayochota. Tulihamisha saa. Hakuna mtaalamu aliyekuwa ameliona hilo.

Malipo yote yana namba ya malipo ya serikali. Lipa kwa hiyo namba, hifadhi stakabadhi. Anayekuambia tuma kwenye simu yake ili "faili litembee", faili lake na litembee bila wewe.

Hatua ya 7: Siku ya ukaguzi

Msisafishe kupita kiasi. Mkaguzi anataka kuona mashine ikifanya kazi na maji yakitembea. Mkabidhi daftari la chokaa, mpeleke kwenye alama za mita 60, mwache apime kwa futi yake. Mtu mmoja tu ajibu maswali. Mkijibu watano, kila mmoja atataja lita zake, na mkaguzi ataandika ile kubwa.

Akikuta kasoro, omba aiandike na muda wa kuirekebisha. Kasoro iliyoandikwa unaweza kuifanyia kazi; ya kusemwa mdomoni hubadilika kila anapokuja mtu mpya.

Hatua ya 8: Kibali kikishatoka

Kisome. Kitataja kiasi, ubora, mahali pa kutokea na muda wa kuisha. Vinne hivyo ndivyo kibali chenyewe. Mkiongeza mashine ya pili, kiasi kimebadilika, rudini ofisini. Mkihamisha bomba mita 30, mahali pamebadilika, rudini. Gamba la plastiki mliloweka kibali ukutani halizuii tarehe kupita; iandike kwenye kalenda ya mwenyekiti, ya katibu na ya mhasibu, miezi sita kabla.

Daftari la kila siku liwe na safu tano: kilo za kahawa, lita za maji, chokaa, pH ya kuingia, pH ya kutoka. Dakika tatu kwa siku. Siku tope litakapoonekana mtoni baada ya mtu mwingine huko juu kumwaga yake, daftari hilo ndilo litakalowasemea.

Halafu ule ukanda wa mita 60. Msiuache mtupu, maana ardhi tupu Kilimanjaro haikai wiki mbili bila mtu kuingiza maharage. Mpaka tuliupanda masale, mmea ambao Wachaga huutumia kuweka mipaka. Mkaguzi wa kigeni angetaka nguzo za zege, lakini kila Mchaga anajua sale likisimama mahali limesema nini, na hata mwenye mbuzi mkaidi hulipita pembeni. Ndani yake tukapanda msesewe, mkuyu na mringaringa, miche tuliyoiotesha wenyewe kwa mbegu za kandokando ya mto uleule. Mikaratusi hapana, hata mkipewa bure; inakunywa maji mengi na haina kazi ukingoni. Pandeni Machi mwishoni mvua ikishika, mwagilieni Agosti na Septemba, na tengeni hela ya mtu wa kufyeka magugu kwa misimu miwili. Miche yetu ya mwaka wa kwanza, karibu yote, haikuuawa na jua. Ilifunikwa na majani, na mfyekaji wa kibarua akaipitia na panga pamoja nayo. Sasa kila mche una kijiti chenye kitambaa chekundu.